Kuguswa Si Kuvutwa

Mwangalie fundi cherehani anapotia lastiki kiunoni mwa sketi. Hukata lastiki iliyo fupi kuliko kitambaa, akaivuta mpaka ilingane nacho, akaishona ikiwa imevutwa hivyo hivyo, kisha akaiachia. Lastiki hurudi mahali pake na kitambaa hujikunja marinda madogo madogo. Kuanzia hapo kiuno kinavutika, ingawa kitambaa chenyewe hakivutiki hata kidogo. Kazi yote inafanywa na marinda, yanayofunguka mvaaji akila akashiba na kujikunja tena njaa ikirudi.

Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, likiongozwa na John Rogers, lilichapisha katika jarida la Science kazi ambayo fundi huyo angeielewa bila mkalimani. Walichukua tepe nyembamba mno za silikoni, ile inayotengenezewa chipu za kompyuta, wakazibandika juu ya mpira uliovutwa, kisha wakauachia mpira. Tepe zikajikunja mawimbi. Kitu kinachopasuka kama kioo kikawa kinavutika pamoja na mpira wake. (Kiswahili kimetutegea mtego hapa. Silikoni ya chipu ni ngumu kama jiwe, na silikoni nyingine ni ule mpira laini wa kuzibia masinki na madirisha. Ya pili nitaiita mpira wa silikoni, tusichanganye.)

Tangu wakati huo maabara za Marekani, Japani, Korea Kusini, China na Ulaya zimetoa vihisi vya mguso, au sensa kama mafundi wengi wanavyoziita, vinavyovutika kama mpira wa manati. Vimo vinavyobandikwa kama plasta, vinavyofumwa ndani ya nguo, na vyembamba kiasi kwamba mvaaji husahau kuwa anavyo. Swali langu ni la mtu wa mtaani: kwa nini basi, baada ya karibu miaka 20, kifaa cha kielektroniki tunachokivaa bado ni saa ngumu ya kioo iliyofungwa mkononi kwa mkanda?

Tuanzie kwenye kioo hicho, maana ndicho kinachoshindaniwa. Chini ya kioo cha simu janja kuna mistari isiyoonekana ya oksidi ya indiamu na bati, kitu adimu kinachopitisha umeme na mwanga kwa pamoja. Mistari ya juu na ya chini inapopishana, hapo hukaa chaji kidogo ya umeme. Kidole ni mfuko wa maji ya chumvi, na kikisogea huteka sehemu ya chaji hiyo. Simu huona upungufu na kujua mahali ulipogusa. Ndiyo maana ukiwa na glavu ya kawaida simu haikusikii, na tone la mvua likidondoka skrini inafungua mambo ambayo hukuyaomba. Skrini ya namna hii ilielezwa mwaka 1965 na Mwingereza E. A. Johnson, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha rada cha Malvern, lakini ilikaa zaidi ya miaka 40 kabla ya iPhone ya 2007 kuiingiza mifukoni mwa watu wa kawaida.

Udhaifu wake ni mmoja tu, ila ni mkubwa. Oksidi hiyo hupata nyufa ikivutwa kwa asilimia mbili au tatu hivi za urefu wake. Ngozi ya goti au ya kiwiko huvutika kwa takriban asilimia 30 unapochuchumaa au kukunja mkono. Skrini ya simu ikibandikwa kwenye goti haimalizi hata hatua moja ya ngazi.

Ngozi yenyewe ni hodari kuliko tunavyoikumbuka. Mwaka 1979 Wasweden wawili, Johansson na Vallbo, walikadiria kwamba kiganja kimoja cha binadamu kina neva za mguso zipatazo 17,000. Hazifanyi kazi moja. Zipo zinazohisi mguso mwepesi unapoanza na unapokoma, zipo zinazohisi mkandamizo unaoendelea, na zipo zinazohisi mtetemo, kama ule wa ngoma kabla hujaisikia vizuri kwa sikio. Aina ya nne hushughulika na ngozi inapovutwa. Hii ya nne ndiyo ninayotaka msomaji aiweke kando kwa muda. Maumbile yaliona kwamba kuguswa na kuvutwa ni habari mbili tofauti, yakaweka mjumbe maalumu wa kila habari. Wahandisi walianza na mjumbe mmoja, na sehemu kubwa ya shida zao imetokana na hapo.

Kuhusu kufanya kitu kivutike tu, hawakukosa mbinu. Rogers aliendelea na njia ya marinda, na mwaka 2011 kundi lake lilionyesha saketi nzima iliyobandikwa mwilini kama tatoo za watoto, zile zinazobandikwa kwa maji, waya zake zikiwa zimechorwa kama nyoka anayejipinda. Tokyo, Takao Someya alikuja na hoja nyingine: kitu chochote kikiwa chembamba vya kutosha kitakunjika. Mwaka 2013 kundi lake lilichapisha saketi zilizotengenezwa juu ya utando wa plastiki wenye unene wa mikromita moja hivi. Mita moja ya mraba ya kazi hiyo ina uzito wa gramu 3, wakati karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80. Baadaye, mwaka 2017, wakaacha utando kabisa na kutumia wavu wa nyuzi za dhahabu unaopitisha hewa na jasho. Nyuzi hizo hubebwa na uzi mwingine unaoyeyuka kwa maji. Unaupaka mkono maji, kibebeo kinayeyuka, dhahabu inabaki imeshika ngozi.

Zhenan Bao, mzaliwa wa China anayefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, amechagua njia ngumu kuliko zote, nayo ni kutafuta vitu ambavyo vyenyewe, kwa asili yake, ni laini na vinapitisha umeme. Jina lake lilivuma mwaka 2010 kwa kihisi cha mpira chenye piramidi ndogo zisizoonekana kwa macho. Piramidi hukandamizika kwa urahisi kwa sababu ncha zake ni nyembamba, hivyo kihisi kiliweza kutambua inzi wa miligramu 20 hivi akitua juu yake. Magazeti yalimpenda sana inzi huyo. Mimi nadhani alileta hasara kidogo, na nitasema kwa nini. Kazi iliyofuata haikupata picha nzuri kama hiyo, ingawa ina uzito zaidi: mwaka 2018 kundi lake lilionyesha transista (swichi ndogo mno za umeme) 347 zinazovutika katika sentimita moja ya mraba, na mwaka 2024 likaonyesha saketi inayovutika yenye transista zaidi ya 1,000. Ni maendeleo ya kweli. Ila chipu ya simu iliyomo mfukoni mwako ina mabilioni, na pengo hilo linaeleza kwa nini ngozi hizi za bandia, karibu zote, bado zinategemea ubongo mgumu uliowekwa pembeni.

Njia ya nne ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu haitumii waya wala madini ya thamani. Inatumia chumvi. Mwani wa Zanzibar unaosafirishwa nje hukamuliwa kitu cha kugandishia, kinachotiwa kwenye vyakula na dawa za meno. Maji yanashikwa na nyuzi za mmea na kuwa jeli. Chukua jeli ya aina hiyo, iliyotengenezwa kiwandani, uitie chumvi: chembe za chumvi huogelea ndani yake na kubeba umeme, jeli inabaki angavu kama maji, na ukiivuta inakwenda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul walitengeneza paneli ya mguso kwa jeli yenye kloridi ya lithiamu. Ilivutika mpaka eneo lake likazidi mara kumi ya lilivyokuwa mwanzo na bado ikafanya kazi. Wakaifunga mkononi, wakaandika maneno juu yake, wakapiga muziki, wakacheza sataranji. Chumvi hiyo haikuteuliwa kwa bahati. Kloridi ya lithiamu hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo jeli haikauki upesi kama ugali ulioachwa wazi.

Hapo ndipo mjumbe wa nne anaporudi.

Vuta mpira wa manati uutazame. Unarefuka, na papo hapo unakonda. Sasa fikiria kihisi kilichojengwa kwa tabaka mbili za jeli zenye mpira katikati. Kikivutwa, eneo la tabaka linaongezeka na mpira wa katikati unakonda. Yote mawili hubadilisha chaji inayokaa pale. Lakini kidole kikigusa nacho hubadilisha chaji. Chombo kinachosoma kinaona namba imebadilika tu. Je, mtu amegusa mkono wake, au amekunja kiwiko kunywa chai? Kihisi kisichoweza kujibu swali hilo ni sawa na mlinzi anayepiga king'ora kila upepo ukitikisa geti. Siku ya tatu hakuna anayeamka.

Kundi la John Madden katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, lilichapisha mwaka 2017 jibu ambalo naliona ni mojawapo ya mawazo maridadi katika uwanja huu wote. Walipanga vipande vya jeli vikipishana kama ukili wa mkeka, vikiwa vimezikwa ndani ya mpira wa silikoni. Kila vinapopishana kuna uga wa umeme, na sehemu ya uga huo hufurika juu ya uso wa kihisi, mfano wa mvuke juu ya chungu. Kidole kikikaribia, hata kabla hakijagusa, hukata mvuke huo, na chaji ya pale hupungua. Kihisi kikivutwa, chaji huongezeka. Kuguswa kunashusha namba, kuvutwa kunaipandisha. Habari mbili zimepewa alama mbili zinazopingana, na mashine inaweza kuzitenganisha hata mkono ukiwa katika mwendo. Namna ilivyo rahisi inashangaza: jeli, chumvi, mpira, na mpangilio uliofikiriwa vizuri.

Rahisi, lakini haijamaliza mambo. Kidole kikikandamiza kwa nguvu kinaukondesha mpira pia, na namba inaanza kupanda kana kwamba kihisi kimevutwa. Basi lazima kila makutano yasomwe pamoja na jirani zake, maana kuvutwa huathiri eneo pana na mkandamizo wa kidole huathiri doa dogo. Hilo linataka hesabu, hesabu inataka chipu, chipu inataka betri, na tumerudi kwenye kisanduku kigumu kilichoshonwa juu ya kitu laini.

Mahali hapo pa kukutana, kigumu na laini, ndipo vifaa hivi hufia. Hakuna haja ya maabara kulielewa jambo hili. Waya wa chaja ya simu haukatiki katikati. Hukatika shingoni, pale unapoingia kwenye plagi. Sehemu laini inajipinda, sehemu ngumu inakataa, na nguvu yote inakusanyika mpakani. Ripoti za kitaalamu hupenda kutaja kihisi kimevutwa kwa asilimia ngapi. Ningependa zaidi kusoma shingo yake ilidumu siku ngapi.

Kuna pia jambo ambalo kila mwenye nguo za zamani analijua: lastiki hulegea. Mpira uliovutwa haurudi sawasawa kwa njia uliyoendea; unachelewa kidogo, na baada ya safari elfu kadhaa urefu wake wa kupumzika si ule wa mwanzo. Kwa vihisi vinavyotumia unga wa kaboni uliochanganywa na mpira, ambavyo ni vya bei nafuu kuliko vyote, uchelewaji huu ni kero kubwa. Chembe za kaboni zikishaachana hazirudi kushikana kwa mpangilio ule ule, kwa hiyo mkandamizo mmoja unaweza kutoa majibu mawili, kutegemea kihisi kilikuwa kinavutwa au kinaachiwa. Ongeza jasho, ambalo ni maji ya chumvi, yaani kipitisha umeme kinachomwagika juu ya chombo kinachopima umeme. Ongeza joto la Tanga mwezi wa pili. Mengi ya majaribio tunayoyasoma yalifanywa ndani ya vyumba vyenye kiyoyozi.

Soko lilijaribu bahati yake mapema. Mwaka 2015 Google ilitangaza mradi ulioitwa Jacquard, wa kufuma nyuzi zinazopitisha umeme ndani ya nguo, na mwaka 2017 ikishirikiana na Levi's ikatoa jaketi la jinzi la dola 350. Mvaaji aliyeendesha baiskeli angeweza kupitisha kidole kwenye mkono wa jaketi kubadili wimbo au kupokea simu. Uzi wenyewe ulikuwa kazi nzuri ya ufundi, ila jaketi lilikadiriwa kuvumilia kufuliwa mara kumi hivi. Mwaka 2023 programu yake ikafungwa, na mkono wa jaketi ukabaki mkono wa jaketi. Sioni kama nyuzi ndizo zilizoshindwa. Hakuna aliyekuwa na shida ambayo jaketi lile lilikuja kuitatua; kubadili wimbo si shida.

Hospitalini shida zipo. Mwaka 2019 kundi la Rogers, lililokuwa limehamia Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, lilionyesha plasta mbili laini zisizo na waya zinazofuatilia moyo, pumzi na joto la watoto njiti, ambao ngozi yao huchubuka hata kwa gundi ya plasta ya kawaida. Vihisi vya ukoo huo vilifika Afrika: vilitumiwa kufuatilia mamia ya wajawazito Lusaka, Zambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, na Nairobi vilipimwa kwa watoto wachanga. Hivyo havisomi mguso hasa, ila vinaonyesha kwamba kitu laini kinachobandikwa ngozini kinaweza kutoka maabara kikaingia wodini.

Vihisi vya mguso na mvutano vina sifa moja ambayo watengenezaji wake wa ng'ambo hawaitangazi sana, pengine kwa sababu haiwahusu moja kwa moja. Havijali rangi ya ngozi. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu hutumia mwanga, na mwanga hunyonywa na weusi wa ngozi. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walichapisha katika New England Journal of Medicine hesabu iliyowashtua madaktari: miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kilisema wako salama, upungufu hatari wa oksijeni ulikuwa umefichika kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 kwa weupe. Kihisi kinachosikiliza mpigo wa mshipa kwa kuguswa, au kifua kinachopanuka kwa kuvutwa, hakipimi oksijeni, kwa hiyo hakiwezi kukirithi kibanio. Lakini kwa kile kinachokipima, ngozi ya Mmakonde na ya Mnorwe kwake ni moja.

Hadi hapa nimezungumzia vihisi vya watu wenye mguso wao. Wenye haki ya kwanza, kwa maoni yangu, ni wale walioupoteza.

Paul Brand, daktari wa upasuaji wa Kiingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alitumia maisha yake kwa wagonjwa wa ukoma, kwanza Vellore, India, kisha Carville, Louisiana. Yeye ndiye aliyewaonyesha wenzake kwamba vidole vya mwenye ukoma haviozi vyenyewe. Ukoma huua neva, mkono unakufa ganzi, na kinachofuata ni majeraha ya kila siku yasiyosikika: sufuria ya moto, ufunguo uliosokotwa kwa nguvu mno, msumari ndani ya kiatu. Wagonjwa wengine walikuwa wakiamka asubuhi sehemu ya kidole haipo. Ilibainika kwamba panya waliwatafuna usiku, na kwa kuwa hawakuhisi kitu hawakuamka. Dawa ikawa kuwapa paka.

Miaka ya 1970 Brand na wahandisi walijaribu kutengeneza maumivu ya bandia: glavu na soksi zenye vihisi vya mkandamizo vinavyompa mgonjwa onyo. Kila kihisi kiligharimu dola 450 hivi na kilikufa baada ya kutumika mara mia kadhaa. Lakini kilichowashinda zaidi kilikuwa mwanadamu. Mlio sikioni wagonjwa waliupuuza. Wakajaribu kuwapa pigo dogo la umeme kwapani, sehemu iliyokuwa bado na hisia, na hapo mgonjwa aliyetaka kufungua nati yenye kutu alizima swichi kwanza, akaifungua nati, kisha akawasha tena. Mradi ukaachwa. Nadhani kila anayechora ngozi ya bandia angepaswa kuijua habari hii kabla ya kununua hata gramu moja ya dhahabu. Kuhisi ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni ujumbe kumfikia mtu kwa namna ambayo hawezi, au hataki, kuipuuza.

Nusu hiyo imeanza kupata majibu. Mwaka 2019 watafiti wa Manchester walichapisha katika Lancet Digital Health jaribio la soli za ndani ya viatu kwa wagonjwa wa kisukari waliowahi kupata vidonda vya miguu. Kila soli ilikuwa na vihisi vinane vya mkandamizo vilivyowasiliana na saa ya mkononi. Wote walivaa soli hizo, lakini kundi moja tu ndilo lililopata onyo: umekandamiza mahali pamoja muda mrefu, pumzisha mguu. Kundi hilo lilipata vidonda vipya kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 71. Jaribio lilikuwa dogo, na waandishi wenyewe waliliita la kuthibitisha wazo. Hata hivyo, tofauti na glavu ya Brand, hakuna aliyeambiwa aache kazi yake wakati huo huo. Aliambiwa apumzishe mguu, na alikuwa na nafasi ya kutii.

Sasa tulilete nyumbani, maana hapa uhusiano si wa kutafuta. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kuhusu miguu ya wenye kisukari. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Ni wale wale panya wa Brand, bara jingine na ugonjwa mwingine, na sababu ni ile ile: mguu uliokufa ganzi haumwamshi mwenyewe.

Ndiyo maana nilisema inzi wa Stanford alileta hasara. Alifanya mbio ziwe za nani atahisi kitu chepesi zaidi. Mguu wa mgonjwa wa Temeke hauhitaji kihisi kinachomsikia inzi. Unahitaji kinachomsikia panya, mwiba na kokoto, kila siku, kwa miezi sita bila kufa. Kwa kipimo hicho, unyeti tulionao miaka yote hii unatosha na kubaki. Kilichopungua ni uvumilivu wa chombo, bei yake, na lugha ya kumwambia mvaaji.

Na soli za Manchester hazitatufaa zilivyo. Zinadai kiatu cha kufunika, soksi, na mtu anayekivaa kutwa. Mitaa yetu inatembea kwa ndala. Ndala haina mahali pa kuficha soli ya pili wala betri, na mwenye nyumba huivua mlangoni, akazunguka pekupeku ndani na uani ambako ndiko miiba na makaa yaliko. Kwa mguu wa namna hii kihisi hakina budi kukaa kwenye ngozi yenyewe, na hapo ndipo uwezo wa kuvutika unapoacha kuwa mbwembwe za maabara: nyayo hupanuka kila hatua, kisigino kinapasuka, vidole vinakunjika. Kisha kuna maji. Mwislamu anayeswali huweza kutawadha mara tano kwa siku, na miguu imo. Kitu kinachozuia maji yasifike ngozini kina hukumu yake katika udhu, kama plasta ya jeraha ilivyo na hukumu yake. Hilo nawaachia masheikh. Kwa mhandisi, cha kuandika daftarini ni maji mara tano, vumbi katikati, na mafuta ya nazi usiku. Sijaona ripoti ya maabara inayopima hivyo.

Hili si la kuwasubiria watu wa Tokyo. Jeli yenye chumvi na mpira wa silikoni si teknolojia ya mabilioni. Maabara ya chuo kikuu yenye oveni na mizani nzuri inaweza kuanza. Kinachohitajika ni mwanafunzi wa uhandisi Dar es Salaam, Nairobi au Mbarara akae kliniki ya kisukari wiki mbili kabla ya kuchora chochote, aone miguu inayokuja na viatu inavyokuja navyo. Wanaotengeneza viungo bandia katika hospitali ya KCMC, Moshi, wana swali kama hilo pia: kikombe cha mguu bandia kinachubua kigutu mahali gani, na lini? Kwao hata kihisi kinachodumu mwezi mmoja ndani ya kikombe kingekuwa msaada.

Mpaka kitu hicho kifike, kihisi cha mguso kilicho nafuu kuliko vyote unacho tayari. Mwaka 2011 madaktari wa Ipswich, Uingereza, walichapisha kipimo ambacho ndugu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Kama una mama, baba au babu mwenye kisukari, mwambie leo jioni avue soksi, alale, afumbe macho. Gusa kwa wepesi ncha ya kidole gumba cha mguu wake, kidole cha katikati na kidole cha mwisho, miguu yote miwili, sekunde moja au mbili kila kimoja. Usikandamize, usigonge, usirudie. Mwambie aseme kila anapohisi. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mpeleke kliniki wiki hii.